Sehemu ya Kwanza Ilifika Kila Mahali

Jumamosi, Isiolo. Vumbi tangu alfajiri.

Upepo wa leo hauna adabu. Nimefagia, nimepangusa, na bado nikipitisha kidole mezani naweza kuandika jina langu. Macho yana mchanga, miguu imevimba, na sitaki kuongea na mtu. Ndiyo maana naandika.

Mliozoea kuja hapa kuchukua noti na karatasi za mitihani iliyopita, leo hakuna. Leo ni mimi tu, na mimi leo si mtu wa kuvutia.

Wengi mnajua kazi yangu. Nafundisha historia katika shule moja ya kutwa hapa mjini. Vitabu havitoshi, kwa hivyo nikaanza kuweka masomo mtandaoni: noti, ramani nilizochora mwenyewe, video fupi ambazo naeleza mada moja moja. Wanafunzi huzifungua kwa simu ya mama, ya shangazi, ya mwenye duka aliye na roho nzuri. Imesaidia. Hilo silikatai hata leo.

Lakini kila nilipotafuta historia ya upande huu wetu, nilirudi mikono mitupu. Mtandao unajua vita vya Wazungu mpaka vifungo vya makoti yao. Sisi unatujua kwa ukame na wizi wa mifugo, basi. Kuna picha za zamani ambazo maktaba fulani ya ng'ambo imeziweka wazi kwa walimu, na nilifurahi nilipozipata. Mzee amesimama na ngamia wake. Chini wameandika "mwanamume wa kaskazini". Ngamia ameelezwa umri na kazi yake. Mwanamume hana hata jina.

Niliwaonyesha darasani. Neema akainua mkono.

"Mwalimu, kwani sisi tulikuwa wapi hiyo miaka yote?"

Neema si jina lake. Yuko kidato cha nne, na katika miaka yangu ya ualimu sijapata mwanafunzi wa historia kama yeye, yule anayeuliza swali mpaka unaenda nyumbani nalo. Jamii yake siitaji. Si ya kwangu, na kwangu mnakujua. Ni moja ya zile tunazogawana nazo maji, na miaka mingine tukashindwa kugawana. Wanaishi Burat, au walikuwa wakiishi huko. Mama yake alilima sukuma wiki na nyanya na kuziuza sokoni mjini. Mimi mwenyewe nilikuwa mteja wake.

Swali hilo la Neema ndilo lililotufikisha kwa baba mkubwa.

Abba Dida ni kaka ya marehemu baba yangu. Ana mvi mpaka kwenye nyusi na bado anabishana na watangazaji wa redio kama vile wanamsikia. Nilimwomba atusimulie vita vya kisima vya ujana wake, ili tuviweke kwenye chaneli, ili siku nyingine mtoto akiuliza tulikuwa wapi, apate jibu lenye majina ya watu. Neema ndiye aliyeshika simu kurekodi, maana mikono yake haitetemeki.

Sasa, hapa nieleze jambo, kwa sababu kila kitu kimetokana nalo.

Wazee wa kwetu hawasimulii vita kuanzia mwanzo. Wanaanzia kwenye kidonda. Nani alikufa, alianguka wapi, nani alimlilia. Wanasema msikilizaji hawezi kutulia kabla hajajua aliyekufa. Wakimaliza hapo ndipo wanarudi nyuma, kwenye sababu, na hapo ndipo wanajitaja wenyewe na makosa yao. Mwisho wanafika kwenye amani. Na msimulizi akifika kwenye amani, aliyekuwa akisikiliza humpa maji ya kunywa. Akishakunywa, hadithi imefungwa na damu imefungwa. Asipokunywa, ameacha kidonda wazi, na si vizuri hata watu kulala chini ya paa moja nacho.

"Usikate kabla ya maji," Abba Dida alimwambia Neema kabla hajaanza. Halafu akanigeukia. "Na wewe pia, Kabale."

Nikasema ndiyo, Abba.

Akasimulia kwa Kiswahili kwa ajili ya Neema, kile Kiswahili chake cha soko la mifugo. Alianza na Halake, kaka yao yeye na baba, ambaye mimi nilimjua kwa jina tu, aliyeuawa kabla jua halijatoka akiwa bado ameshika kamba ya ndoo. "Walituingia kama fisi," alisema. Aliwataja waliouawa mmoja mmoja. Alilia. Sikuwahi kumwona akilia, hata baba alipozikwa.

Akarudi nyuma. Kumbe ni wao, vijana wetu, walioziba kile kisima kwa miiba mwaka ule wa kiangazi kibaya, wakawazuia wenzao kunywesha. Mbuzi wa wenzao walikufa wakiyaona maji. Mtoto mmoja naye alikufa. "Nimesema wao ni fisi," Abba Dida akasema. "Lakini fisi ya kwanza ilikuwa mimi. Mimi ndiye nilikata hiyo miiba."

Halafu akafika kwenye amani, na akamtaja mtu wa upande ule aliyekunywa wa kwanza kutoka kwenye kibuyu kimoja na yeye. Akataja jina lake na la baba yake. Pale kwenye video picha inatikisika, na inasikika sauti ya Neema, ndogo: "Huyo ni babu ya mama."

Aliweka simu chini, akamletea mzee maji kwa mikono miwili. Abba Dida akanywa. Nilitoka pale nikisema moyoni kwamba hata nisipofundisha kitu kingine tena, hii inatosha.

Ilikuwa ndefu mno. Ndiyo, sasa nafika kwenye ujinga wangu. Video ndefu inakula bando, na wanafunzi wangu bando ni ya kuombaomba. Ningeiweka nzima wasingeifungua. Nikafanya vile ninavyofanya na kila somo refu: nikaigawa. Sehemu ya kwanza, sehemu ya pili. Vita vya dunia nimevigawa, ukoloni nimeugawa, na hakuna aliyekufa. Nikaona Abba Dida akipumua na kupangusa macho baada ya kumtaja wa mwisho wa waliouawa, nikasema hapa pazuri pa kugawia.

Nilijiambia sijakata. Nimegawa tu.

Sehemu ya kwanza nikaiweka Ijumaa. Sehemu ya pili ilikuwa ifuate kesho yake, lakini mtandao ukawa unazunguka tu, halafu nikapata lundo la karatasi za kusahihisha, halafu nikasema, aah, Jumatatu. Kwani kuna haraka gani? Ni historia. Ni mambo ya zamani.

Kufikia Jumatatu haikuwa ya zamani tena.

Mtu aliikata, sijui nani. Alitoa Halake, akatoa kamba ya ndoo, akabakisha mzee anayelia akisema walituingia kama fisi. Akaweka muziki wa kutisha. Chini akaandika jina la jamii ya Neema na maneno "majirani zetu hawa". Ikaingia kwenye magrupu. Nilitumiwa na watu ninaowaheshimu, mmoja akinipongeza kwa kusema ukweli.

Mwalimu mkuu aliniita ofisini. Hakunikaribisha kiti.

"Historia iko kwa kitabu, Mwalimu. Hiyo ingine si ungeachia wazee?"

"Nimeipata kwa mzee, bwana."

"Basi ungemwachia yeye!"

Nikarudi darasani.

Sokoni wateja wakaanza kumruka mama yake Neema. Hakuna aliyemtukana. Walipita tu, wakanunua nyanya za mwingine, hata kama zake zilikuwa nzuri zaidi. Mimi nilinunua kwake siku hiyo, nyingi kuliko tunavyoweza kula, na hakunitazama usoni. Halafu usiku mmoja watu wakaingia shambani kwake Burat. Wakakatakata mipira ya kumwagilia, wakachoma stoo na kila kilichokuwa ndani. Alhamdulillahi hakufa mtu. Kila anayenipa pole husema hivyo, hakufa mtu, kama vile nimepita mtihani.

Asubuhi yake dawati la Neema lilikuwa tupu. Wamehamia kwa mjomba wake, pande za Gotu. Mtihani wa kitaifa uko karibu, na jina lake limesajiliwa kwetu.

Leo nimeenda kumleta.

Abba Dida ndiye aliyelazimisha tuende pamoja. Nilimweleza kila kitu. Niliogopa atanilaani, lakini aliuliza swali moja tu, kama nilikata kabla ya maji. Nikasema ndiyo. Akakaa. Akasema, "Basi mimi niko na maneno nusu tumboni. Nipeleke nimalize." Jirani anayebeba maziwa ya ngamia akatupa nafasi kwenye pikapu yake, na mzee akakaa mbele na fimbo yake, na njia nzima hata redio hakubishana nayo.

Boma la mjomba limezungushiwa miiba. Tulisimama nje. Mzee akatoa salamu yake, salaam aleikum, kwa mazoea. Akajaribu tena, "Habari ya hapa."

"Nzuri." Ni sauti ya mama yake Neema. Alikuja mpaka kwenye lango na hakulifungua. Alikuwa amekonda kwa majuma haya machache, wallahi, shingo imebaki mishipa. Alitutazama mimi na mzee, halafu akatazama nyuma yetu kama kuna wengine.

"Tumekuja wawili tu, mama," nikasema.

"Naona."

Nilikuwa nimepanga hotuba. Pole, msamaha, mtihani, kwamba Neema anaweza kukaa kwangu mpaka amalize. Sikupewa nafasi. Abba Dida aliketi chini pale pale nje ya lango, kwenye mchanga, akaweka fimbo mapajani.

"Maneno yangu imekatwa katikati," alisema. "Mimi nakuja kumaliza."

Akaanza upya, kwenye kidonda, kama desturi. Halake, kamba ya ndoo. Nilifumba macho. Nilitamani aanzie penginepo, popote pale, lakini mzee hajui njia nyingine. Alipofika kwenye fisi, ndani ya boma mtu alisukuma sufuria kwa nguvu.

Mama Neema hakumkatiza. Alisimama ameshika lango mpaka mzee akataja miiba, akataja mbuzi, akamtaja yule mtoto. Hapo ndipo alipoongea, na hakupaza sauti.

"Huyo mtoto alikuwa dada ya babu yangu. Mzee, mimi hii hadithi naijua. Babu alitupatia sisi yote, na yeye alianza na huyo mtoto, na akamaliza na hiyo maji mlikunywa pamoja. Jina yako naijua tangu nikiwa mdogo."

Abba Dida akainua uso.

"Mwisho naijua," akasema mama Neema. "Wale walikuja kuchoma ndio hawajui. Sasa wewe unakuja kuniambia mimi ya nini?"

Jamani.

Nimefundisha miaka mingi na sijawahi kuulizwa swali kama hilo. Tumetoka Isiolo na vumbi lote lile kumfundisha mtu anayejua somo kuliko sisi. Waliofeli wako mjini, wanakunywa chai, na wengine wao ni wa damu yangu.

Mzee alimalizia sauti ikiwa chini sana, kibuyu kimoja, jina la yule babu na la baba yake, "nagaa," amani, akanyamaza. Alibaki pale chini, mikono juu ya fimbo, akingoja. Nilijua anangoja nini na nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu ni nani atampa maji mtu aliyeketi mbele ya maisha yako yaliyochomwa?

Mama Neema aliingia ndani. Akarudi na kikombe cha bati. Alilifungua lango kiasi cha mkono kupita.

"Kunywa, mzee. Hii deni si yako."

Akanywa. Maji mengine yakamwagikia kwenye kanzu. Mimi sikupewa kikombe. Na ni haki yangu kutopewa.

Nikasema sasa. Nikasema kuhusu mtihani, kuhusu chumba changu, kwamba nitamleta na kumrudisha mwenyewe kila siku ikibidi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, wewe si mtu mbaya," alisema. "Lakini ukimpeleka shule asubuhi, hiyo video itakuwa imefika mbele yake."

Halafu akamwita binti yake.

Neema alitoka na leso begani badala ya sare niliyomzoea nayo. Nilimtazama kama mama anavyomtazama mtoto aliyetoka hospitali. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Alinisalimia vizuri, "Habari, Mwalimu," na kwa mikono miwili, vile vile alivyompa mzee maji siku ile, akanikabidhi kitabu cha historia cha shule. Kimefungwa kwa gazeti ili jalada lisichakae.

Mwanafunzi wa kwetu harudishi kitabu cha shule kabla ya mtihani. Anarudisha akiondoka.

"Neema, kaa nacho," nikasema. "Utakihitaji."

"Kuna mwingine anakihitaji, Mwalimu. Mko na vichache."

Nikakichukua. Sijui kwa nini nilikichukua. Mwalimu mwenye akili angekiacha pale kwenye miiba akakimbia.

Kisha akauliza, na ndiyo maana sijaweza kula tangu nirudi: "Sehemu ya pili, watu wameiangalia?"

Sehemu ya pili ipo. Niliiweka ile Jumatatu, na baadaye nikaweka nzima isiyokatwa, na ya kwanza nikaifuta. Walioiangalia hawawezi kujaza darasa langu. Nadhani nusu yao ni mimi mwenyewe, nikifungua kuona kama kuna aliyefungua.

"Wachache," nikamwambia.

Alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa alama alizotarajia.

Tulirudi kwa pikapu ile ile. Tulipopita Ngare Mara ndipo Abba Dida alipofungua mdomo.

"Ile mbaya, umeifuta?"

"Nimeifuta, Abba."

"Kila mahali?"

"Kwangu."

Akageuka kunitazama. "Kwako tu?"

Nikamweleza jinsi inavyokuwa, kwamba ikishatoka hairudi, kwamba kila simu ina nakala yake. Sidhani alielewa, au labda alielewa upesi kuliko mimi. Maji yakimwagika hayazoleki, hata mtoto wa darasa la kwanza anaijua methali hiyo. Mwalimu mzima nilihitaji stoo ya mtu ichomwe ndipo niielewe.

Na nimefika nyumbani, nimevua viatu, nimewasha simu. Iko pale tena. Mara hii kwenye grupu ya ukoo wetu, ile tunayopangia mazishi na harusi. Ameituma binamu yangu, mtu aliyesoma, mtu tuliyelelewa naye sufuria moja. Muziki ule ule, fisi wale wale. Chini ameandika: "Tusisahau." Shangazi zangu wameweka mikono ya dua. Vijana wameweka mambo ambayo siwezi kuandika hapa.

Ndipo nikaelewa nilichokuwa nakwepa majuma yote haya. Nimeenda mpaka Gotu kumalizia hadithi kwa watu wanaoijua. Nimeandika kwenye chaneli, nimeongea na mwalimu mkuu, nimeongea na nyinyi. Kwenye grupu ya nyumbani, ambako najua kila jina na kila sura, sijaandika neno. Niliogopa. Wataniita msaliti, watasema kazi ya serikali imenifanya niwauze watu wangu, na harusi ijayo nitakaa kona peke yangu.

Kitabu cha Neema kipo hapa mezani, na vumbi limeshaanza kukikalia. Nimekipangusa.

Sikutuma kiungo. Kiungo hawafungui. Wala sikuanzia kwenye kidonda, Abba Dida anisamehe, maana kidonda wote wanakijua. Niliandika hivi: "Huyo kwenye video ni Abba Dida wetu. Kabla ya siku hiyo, sisi ndio tuliziba kisima. Mtoto wao alikufa kwa kiu akiyaona maji. Abba Dida mwenyewe ndiye aliyekata miiba, muulizeni."

Nimetuma.

Tiki mbili. Baadaye kidogo zikawa buluu. Wamesoma, karibu wote, maana ni Jumamosi na watu wako nyumbani. Aliyekuwa akiandika ameacha kuandika. Binamu yangu ametoka kwenye grupu.

Kesho nitaandika kinachofuata, na kesho kutwa tena, hata kama nitakuwa nimebaki peke yangu mle ndani, mpaka nifike kwenye maji.